Giaboksi za Naro Moru

Nilipokuwa kijana, giaboksi ikiharibika Naro Moru haikubadilishwa. Iliangushwa, ikafunguliwa, ikatengenezwa na kurudishwa chini ya gari lilelile. Gereji ya mjomba wangu ilikuwa ya mabati, kando ya barabara kuu ya Nyeri kwenda Nanyuki, na kazi yake kubwa ilitoka kwa magari ya aina mbili: Land Rover zilizopandisha wageni mlimani, na Peugeot 504 pikapu za wakulima wa Kieni waliopeleka viazi na kabeji Karatina.

Land Rover ndizo zilizonifundisha. Kutoka mjini hadi kile kituo cha hali ya hewa ambacho wapanda mlima wote hukiita Met Station ni kama kilomita 26, na njia hiyo hukutoa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ikakufikisha mita 3,050. Ukishapita lango la hifadhi, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Dereva alisimamisha gari, akavuta liva yenye kichwa chekundu, na magurudumu yote manne yakaanza kusukuma kwa gia za chini. Kwenye zile kuukuu, kabla ya Series III kutoka mwaka 1971, gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kulitaka mguu uliozoea: unakanyaga klachi, unatoa gia hadi nyutro, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, meno yanasagana, na kila msago unaacha chuma ndani ya oili.

Mjomba alianza kutibu kwa masikio. Aliwasha injini gari likiwa nyutro, akakaa kimya. Mlio ukisikika klachi ikiwa imeachiwa, kisha ukatoweka ikikanyagwa, alijua ni beringi za ndani ya giaboksi. Mlio ukizuka pale klachi inapokanyagwa, basi ni beringi ya klachi yenyewe, na hapo mwenye gari alipumua, maana giaboksi haingefunguliwa. Halafu alilitoa barabarani. Gari likilia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likanyamaza katika ya nne, alijua shafti ya chini imechoka, kwa sababu katika ya nne nguvu hupita moja kwa moja bila kuitegemea.

Kazi yangu ilikuwa karai. Oili ilimwagwa humo, nami nikapitisha sumaku ya spika kuukuu ndani yake polepole na kumpelekea. Ujiujiu wa kijivu, laini kama uji wa mtoto, ulikuwa uchakavu wa kawaida. Kipande chenye pembe kilikuwa jino lililovunjika, na hapo kazi ilibadilika. Gia zilioshwa kwa mafuta taa, zikapangwa juu ya gunia kwa mpangilio uleule zilivyotoka kwenye shafti, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka gunia hilo.

Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa, na kadiri miaka ilivyosonga, mengi yakawa ya otomatiki. Mjomba hakuyadharau, aliyaogopa, na kwa sababu nzuri. Ndani ya giaboksi ya otomatiki klachi ni nyingi, nyembamba, na zinaendeshwa na presha ya oili inayopita katika vijia vyembamba vya valvu. Vumbi dogo likiingia humo, gia inachelewa au haiingii kabisa. Gereji yetu ilikuwa wazi kwa vumbi la barabara.

"Sikiza, kijana," aliniambia, "hii nikiifungua hapa naiua."

Kwa hiyo desturi mpya ikaingia. Giaboksi ikifa, mwenye gari alipiga simu Nairobi, kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, akaletewa nyingine iliyotumika Japani. Ilifungwa siku hiyo hiyo, na ile ya zamani ikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Iliniuma, na bado inaniuma. Nyingi kati ya zile zilizouzwa kwa kilo hazikuzeeka, ziliuawa. Nakumbuka gari dogo la mwalimu mmoja, lililovutwa kwa kamba kutoka Kiganjo magurudumu ya mbele, yale yanayoliendesha, yakiwa chini. Ugonjwa wake ulikuwa wa injini tu. Lakini pampu ya oili ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini, na injini ikizimwa, gia zinazunguka kavu. Gari lilipofika kwetu lilikuwa na magonjwa mawili, na la pili lilikuwa ghali kuliko la kwanza.

Aliyetuvusha ni binamu yangu. Alisomea umakanika, akafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, akarudi na kifaa cha kusoma hitilafu. Alijenga chumba kilichozibwa vumbi, akaweka meza ya bati safi. Siku aliyofungua sinia ya chini ya otomatiki mbele ya mjomba, zilionekana sumaku ndogo zimebanwa humo kiwandani, na juu yake ujiujiu wa kijivu. Mjomba aliugusa kwa kidole, akaunusa, akasema, "Huu ni wa kawaida. Badilisha oili, funga." Kompyuta ilikuwa imesema vivyo hivyo, ila yeye hakuingoja.

Sasa zimekuja za CVT, zisizo na ngazi za gia: mkanda wa chuma unashikana na puli mbili zinazopanuka na kubana. Mshiko huo unategemea oili ya aina yake. Ukitia ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Nyingi hazina hata kijiti cha kupimia. Kimo hupimwa kwenye tundu la chini, gari likiwa mahali tambarare na oili ikiwa na joto lililotajwa na kiwanda, jambo linalotaka subira katika asubuhi za baridi yetu.

Wauzaji wengine husema oili ya giaboksi hizi haibadilishwi maisha yote ya gari. Kwa gari linalopanda milima, kubeba mizigo na kusukuma matope, sikubaliani nao hata kidogo: ibadilishe kati ya kilomita 40,000 na 60,000, kwa aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na uandike tarehe. Ukienda kununua gari lenye kijiti, kivute kwanza. Oili ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, tafuta gari jingine. Na lako la otomatiki likikwama njiani, ita gari la kulibeba, kamba ikatae.