Lugufu, mahali tulipooana na mahali tulipomzika mtoto



Safari ya ukurasa huu mwezi huu ni ya kwenda Lugufu. Wengi wetu tuliishi pale miaka kumi na zaidi, na leo kambi haipo tena. Wako kati yenu waliozaliwa pale na waliooana pale. Wako pia waliozika watu wao pale, kama sisi. Watoto wetu wanatuuliza, "Baba, Lugufu ilikuwa wapi?" Basi nawaandikia hao watoto kwanza, halafu wakubwa watanisahihisha wakiona nimeruka kitu.

Tulivyovuka ziwa

Huwezi kuieleza Lugufu bila Ziwa Tanganyika. Ni ziwa refu, karibu kilomita 670 toka kaskazini hadi kusini, na kwa kina ni la pili duniani. Sisi watu wa Fizi, Baraka na Uvira tulizaliwa tukiliona. Milima ya ng'ambo tulikuwa tunaiona siku ya hewa safi, lakini kwetu ilikuwa milima ya watu wengine.

Vita vilipoingia Uvira mwezi wa kumi 1996, ziwa likawa njia. Familia yetu ilivuka mwezi uliofuata, usiku mzima ndani ya boti ya injini, watu wamebanana kama ndagala kwenye gunia. Bibi yangu na wazazi wake walikuja baadaye, mwanzoni mwa 1999, baada ya mauaji ya Makobola. Wao walilala porini siku nyingi kabla ya kupata mtumbwi. Tulipofika Kigoma tukakuta samaki ni wale wale, ila majina mengine. Ndagala zetu wanaziita dagaa. Mukeke wetu wanamwita mgebuka. Mama yangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani pale aliposikia hayo majina sokoni.

Toka Kigoma tulipelekwa Lugufu. Kambi ile ilifunguliwa 1997, mashariki ya Kigoma, upande wa reli ya kati, ile reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914. Eneo hilo sasa ni Wilaya ya Uvinza, nchi ya chumvi. Tulikuta miombo na nyasi ndefu. Tukapewa plastiki ya kuezekea, sufuria, blanketi na jembe. Mwaka wa pili tulikuwa na nyumba za matofali ya udongo, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na mihogo kidogo na matembele.

Harusi ya kambini

Mimi na bibi yangu tulijuana kwenye bomba la maji. Hapo hakuna siri, vijana wengi wa Lugufu walijuana kwenye bomba. Lakini mambo yalipofika kwa wazee yakawa magumu. Kwetu mahari ilihesabiwa kwa mbuzi, na kambini mbuzi wa kutoa mkwe hakuwepo. Baba yangu alikaa na baba mkwe jioni tatu. Jioni ya kwanza walisalimiana tu wakaulizana habari za vijiji vyao, nani alikufa na nani aliponea wapi. Ya pili walihesabu ukoo, wasije wakaozesha ndugu kwa ndugu. Jioni ya tatu ndipo wakasema mahari.

Wakapatana hivi: mbuzi wawili wa kununua kwa wenyeji, jembe jipya, blanketi la mama mkwe, na mengine yabaki deni mpaka siku tutakaporudi nyumbani. Baba mkwe akasema, "Mahari haiishi. Nikimaliza kudai leo, kesho nitakuja kwenu kwa sababu gani?" Deni hilo lipo mpaka leo. Mzee alishafariki, na bado shemeji zangu wananikumbusha kila Krismasi, kwa kicheko.

Tulifunga ndoa mwezi wa nane 2000, kiangazi. Majirani walichanga. Kila nyumba ilipunguza katika mgao wake: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia, chumvi. Mama mkwe alikataa katakata watu wale bugali ya mahindi siku ya ndoa ya mtoto wake, akaenda kubadilisha mahindi sokoni apate unga wa muhogo. Gauni jeupe lilikuwa la kwaya. Mimi mwenyewe nilihesabu maharusi sita waliolivaa mwaka ule, na kila mmoja lilimkaa, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja fundi wa kulibana na kulilegeza kwa pini.

Ndoa yetu iliandikwa mahali patatu: kwa wazee, kanisani, na kwenye kadi ya chakula. Ile ya tatu msiicheke. Siku majina yetu yalipowekwa kwenye kadi moja, bibi yangu alisema, "Sasa ni kweli."

Mtoto wa pili

Binti yetu wa kwanza alizaliwa 2001. Wa pili, mwanaume, alizaliwa 2003. Jina lake tunalo nyumbani. Alikuwa mtoto wa kucheka na watu, hakuogopa mgeni. Alianza kutembea mapema, na mahali pake pa kwanza kwenda peke yake palikuwa kwa jirani aliyekuwa akikaanga mandazi.

Mvua za 2004 alipata homa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Tulimpeleka zahanati siku ile ile, akapewa dawa, homa ikashuka. Siku ya tatu ikarudi. Mama yake akamgeuza viganja akaona vimekuwa vyeupe kama karatasi. Hospitali ya kambi ikasema malaria imekula damu, inabidi apelekwe Kigoma kuongezewa. Gari lilitoka na mimi, mama yake na muuguzi mmoja. Barabara ilikuwa tope tupu. Kabla hatujaona taa za mji, mtoto alivuta pumzi ndefu moja, na nyingine hatukuisikia. Muuguzi akamfunika. Dereva hakusema kitu, akageuza gari.

Wazazi wetu waliozikwa kule Kongo walichimbiwa na ndugu zao wa damu. Huyu alichimbiwa na watu wa mtaa wetu wa kambini, Wabembe, Wafuliru, na hata kijana mmoja ambaye ukoo wake na wetu walikuwa hawasalimiani toka enzi za vita. Alikuja na sururu yake, akachimba, akanawa, akaondoka. Sijasahau. Kilio kilikaa siku tatu. Wanawake walilala chini na bibi yangu, wakapika, wakachota maji, hawakumwacha akae peke yake hata dakika.

Baadaye mama mmoja Mha, aliyekuwa akituuzia ndizi, alileta fimbo mbichi ya mti akatuambia tuichomeke kichwani pa kaburi. Mti huo wanauita mbono kaburi. Ukikata tawi na kulichomeka ardhini linashika lenyewe, mbuzi hawali, na hudumu miaka mingi. Ndiyo maana watu huutumia kuweka alama ya kaburi au ya mpaka. Mvua zilizofuata ulikuwa na majani.

Malaria ya wakati ule na ya sasa

Vijana waliozaliwa juzi wanashangaa mtoto anakufaje na malaria wakati dawa zipo. Basi wajue. Klorokwini, dawa chungu tuliyokua nayo, ilikuwa imeshindwa, na Tanzania iliiacha 2001 ikachukua SP. Nayo ikaanza kuzidiwa. Dawa mseto, zile za kumeza mara sita kwa siku tatu, zilianza kutumika mwishoni mwa 2006. Mdogo wake, aliyezaliwa 2008, aliugua malaria zaidi ya mara moja, akanywa mseto, yupo hapa anacheza mpira. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni nacho kimesaidia, maana majibu unapata hapo hapo. Na Shirika la Afya Duniani limekubali chanjo mbili za malaria kwa watoto, ya kwanza 2021 na ya pili 2023.

Lakini dawa haimfuati mtoto nyumbani. Mama zetu, mkiona mtoto mdogo ana homa na hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea hazinduki vizuri, au viganja vimekuwa vyeupe, msingoje asubuhi. Na akipata degedege, msikubali maneno ya kwamba ugonjwa huo si wa hospitali. Ni wa hospitali, na ni wa haraka. Mpaka atakapopona, dozi imalizwe hata kama amechangamka.

Siku ya kuhama

Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa. Wengi walikuwa wamerudi Kongo, na sisi tuliobaki tukaambiwa tutahamishiwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyokuwepo toka 1996. Tarehe zikapangwa kwa vijiji. Watu wakabomoa milango na madirisha ili wapate mbao za kujengea kule. Kila mtu alikuwa na kelele za kufunga mizigo, kuku wamefungwa miguu, watoto wanafurahi kupanda gari.

Bibi yangu hakufunga kitu. Jioni kabla ya safari nilimkuta kaburini. Aliniuliza neno moja: "Na huyu, tunamwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Baba mkwe, aliyekuwa bado hai, ndiye aliyemjibu. Alisema, "Mimi niliacha makaburi ya baba na ya mama ng'ambo ya ziwa, wala hawajanilalamikia. Mutoto amepewa shamba lake hapa, hilo hahami nalo mtu." Kisha akatoa kisu, akakata matawi mawili ya ule mbono, akayafunga kwa kitambaa chenye maji. Bibi yangu aliyashika mapajani safari nzima. Gari lilipopita kwenye ile barabara aliinama, na mimi nikaangalia upande mwingine.

Nyarugusu tulipewa kiwanja. Kabla ya plastiki kukaa juu, matawi yalikuwa yameshachomekwa. Moja lilikauka. Moja lilishika.

Mahari nyingine

Kwa upande wa Lugufu leo ziko shule za sekondari zinazobeba jina hilo. Nafikiri ni vizuri. Mahali pa watoto pamebaki pa watoto.

Na huku Nyarugusu, tangu 2015 walipokuja ndugu zetu Warundi kwa maelfu, tumekuwa majirani, na jirani huzaa mkwe. Binti yetu wa 2001 aliolewa 2021 na kijana Mrundi. Wao mahari wanaiita inkwano. Nilikaa mahali alipokaa baba mkwe wangu, nikadai kidogo, nikaacha deni. Wakapata mtoto. Shida yao haikuwa mahari, ilikuwa karatasi: yeye faili yake inasema Burundi, huyu inasema Kongo. Mabasi ya kurudisha Warundi yalipokuwa yakijaa watu, binti alilala akiwaza nyumbani kwake ni wapi, na mama yake hakulala kabisa. Mtu aliyekwisha kuacha mtoto njiani mara moja hawezi kusikia mlio wa basi bila kuhesabu watu wake.

Binti alikata shauri kwamba popote mume na mtoto watakapokwenda, naye yumo. Mama yake akakubali. Hakumwambia maneno mengi. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha mti, akamwambia, "Siku ukiondoka, utakata hapa, chini ya kifundo. Hii inashika popote."

Wasomaji wapendwa, kila familia hapa ina Lugufu yake. Nawaomba jambo moja mwezi huu. Chukueni daftari, kaeni na wazee, andikeni: nani alioana na nani, wapi, mwaka gani, mahari ilikuwa nini na deni ni kiasi gani. Andikeni watoto wote, na wale waliofariki pia, majina yao, siku zao, na mahali walipolala: kambi gani, kijiji gani, karibu na nini. Mkiulizwa mna watoto wangapi, msione haya kuwahesabu wote. Sisi tunajibu wanne, na mmoja yuko Lugufu.