Mtoto wa Kambi

Leo nimeamka nikiwawaza watu walionilea kwenye shamba la mkonge kule Muheza. Ni wengi, na wawili tu kati yao ndio walionizaa.

Kambini tuliamshwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, mnyapara akikigonga giza likiwa bado zito. Haukupita muda, korona ikaanza kunguruma, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge ibaki singa tupu. Makapi yalikwenda kuchachia mtaroni, na harufu yake chungu iliingia nguoni ikakaa, ufue kwa sabuni ya mche usifue. Lakini singa zikishaanikwa kwenye nyaya, uwanja mzima ulikuwa mweupe kama siku ya Idi.

Wakataji walitoka pande zote: Wamakonde wenye nembo usoni, Waha, Wabena, Warundi, Wanyamwezi. Baba alikuwa Mnyamwezi, alikuja kwa mkataba kabla ya uhuru. Mama alikuwa Mbondei, mwenyeji wa palepale. Mama akipika bada kwa samaki, baba alikula na kushukuru, lakini kifurushi cha michembe kikiwasili kutoka Tabora, mzee alitafuna taratibu, kimya, na sisi watoto tulijua si wakati wa kumsemesha. Mshahara ukitoka, usiku ulikuwa wa ngoma. Mimi nilicheza sindimba ya Wamakonde miaka mingi kabla sijaiona ngoma yoyote ya kwao baba.

Agosti 1967 akaja karani wa sensa na makaratasi yake. Hiyo ndiyo sensa ya mwisho nchini kutuuliza makabila yetu. Baba akajibu kwa niaba yetu sote: Wanyamwezi. Mama alikuwa akipepeta mchele, ungo ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Nami nikakaa nalo jambo hilo. Tabora nilikuwa siijui hata kwa picha.

Nilipokuwa kijana nikaenda. Reli ya Mnyusi hadi Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, ilikuwa imeiunganisha njia yetu ya Tanga na reli ya kati, basi unaingia behewani na kapu la machungwa ya Muheza na kushuka Tabora umejaa vumbi la Dodoma. Shangazi akanipokea kwa “Mwangaluka!” Nikaitikia vizuri tu, ila yaliyofuata sikuyaweza. Akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba: “Mtoto wa kaka ni Mswahili mtupu!” Kule kambini waliniita Mnyamwezi, huku Mswahili. Nilirudi na gunia la michembe, na swali la mimi ni nani limeongezeka uzito.

Jibu, au kipande chake, nililipata kwenye msiba wa baba. Unajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Basi mzee mmoja wa Kizaramo, aliyekata mkonge na baba ujana wao wote, alivaa kofia ya marehemu, akakalia ukingo wa kaburi, akasema hapachimbwi tena mpaka alipwe. Alipolipwa akainuka akatembea kama baba: bega la kushoto limelala kwa kubeba mizigo, mikono nyuma, kidevu juu. Waombolezaji wakacheka machozi yakiwatoka. Kisha akaninyooshea kidole: “Mwangalieni na huyu!” Nilikuwa nimesimama mikono nyuma, kidevu juu. Hakuna aliyenifundisha.

Nayaamini sana macho ya mtani. Ndugu wanakusitiri, adui anakuongezea chumvi. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, na kwa kuwa anakupenda, anasema yaliyopo.

Ile kambi haipo. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000, kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, mashamba yakataifishwa, watu wakatawanyika. Haya hayazuiliki. Ninachokililia ni kwamba walipotezana na watani wao.

Juzijuzi tulimzika kaka yangu Dar es Salaam. Palikuwa na viti vya kukodi na kipaza sauti. Mzee mmoja, mtani wetu, akainuka na kuanza kumwigiza marehemu alivyokuwa akihesabu noti chini ya meza. Wajukuu wakaghadhibika, wakataka kumtoa. Nikawazuia, nikamlipa ada yake, nikamwekea kiti karibu yangu na kumwomba aendelee, maana alikuwa ameanza kusimulia habari za kaka huyu akiwa kuli bandarini, na hizo sikuwa nimezisikia.