Hema la Mgongoni katika Mlima Kenya

Mtu apandaye Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki, hupita kwanza katika msitu mkubwa wa miti na mianzi, kisha hutokea mahali peupe penye nyasi ngumu na upepo. Hapo ndipo alikumbukapo hema lake. Katika njia ya Sirimon ziko nyumba za kulala wasafiri, Old Moses na Shipton's. Lakini juu ya Chogoria, tangu mwisho wa barabara ya magari mpaka Hall Tarns, karibu mita 4,300 juu ya bahari, msafiri hana paa la kutegemea ila lile alilokuja nalo.

Hall Tarns ni vidimbwi vya maji maangavu kando ya ukingo wa jabali, na chini kabisa bondeni laonekana ziwa Michaelson. Ni mahali pazuri mno saa tisa za mchana. Saa tisa za usiku ni habari nyingine. Wataalamu wa mimea wamesema kwamba katika milima mirefu ya Ikweta kila siku ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi, na mimea ya huko imejifunza hayo zamani. Lobelia kubwa hufumba majani yake jua likitua, ili kulinda chipukizi lisiungue kwa jalidi. Na ule mti uitwao senesio haudondoshi majani yake makavu, bali huyaacha yauzunguke shina kama koti la mlinzi wa usiku. Binadamu hana majani. Hana budi kuchagua kitambaa, na kukichagua nyumbani, kabla hajaiona baridi yenyewe.

Karani mmoja wa Nairobi na shemeji yake walipanda njia hiyo mwezi wa Februari, wakati wa ukavu, wakiwa na hema la nailoni la nguo moja tu, lenye uzito wa kilo moja na kitu. Mzee mmoja wa Chogoria, mpagazi wa miaka mingi, alilipima kwa mkono akacheka.

“Hili ni jepesi, bwana karani,” akasema. “Lakini usilifunge madirisha usiku.”

“Na baridi je, mzee?”

“Baridi utaivumilia. Maji hutayavumilia.”

Hawakumsikiliza. Usiku walifunga kila zipu, na pumzi zao zikapanda zikashika kwenye kitambaa, zikaganda kuwa barafu nyembamba. Jua lilipochomoza ile barafu ikayeyuka, ikawanyeshea ndani ya hema siku ambayo nje hapakuwa na wingu hata moja. Mifuko yao ya kulalia ilikuwa ya manyoya ya bata, nayo manyoya hayo yakiloa hushikamana na hayatii joto tena. Kulala usiku wa pili kwa mifuko kama hiyo, pahali pa juu namna ile, ni jambo la kuhatarisha maisha. Basi siku ile hawakusogea mbele. Walishinda wakianika manyoya juu ya mawe, huku pimbi wakinyemelea mkate wao, na kilele cha Lenana, mita 4,985, wakakitazama kwa mbali.

Dawa ya jambo hili ni hema la nguo mbili: ya ndani nyembamba ipitishayo pumzi, na ya nje izuiayo mvua, na katikati nafasi ya hewa. Hema la namna hiyo la watu wawili huwa na uzito wa kilo mbili hivi, na watu wawili wakigawana, mmoja miti na vigingi, mwingine kitambaa, hakuna atakayelalamika. Wako wasifuo turubai tupu la gramu mia tano, lililotandwa juu ya kamba. Katika nchi kavu yenye miti lafaa sana. Juu ya Chogoria, ambako mvua ya mawe huja ikisukumwa na upepo ubavuni, turubai hilo ni kama mwavuli katika mto.

Wazo la kupunguza uzito si geni. Mwingereza Mummery, aliyefia katika mlima Nanga Parbat mwaka 1895, alibuni hema dogo lililosimamishwa kwa shoka za barafu badala ya miti. Siku hizi yako mahema yasimamayo kwa fimbo mbili za kutembelea, na ni wazo lile lile. Ubaya wake ni kwamba hutaka vigingi vishike imara, na penye udongo mchache juu ya mwamba kigingi hupinda. Hapo afadhali hema lenye miti yake, lisimamalo peke yake, na kamba zifungwe kwenye mawe makubwa. Tena nailoni ikiloa hulegea. Afaaye ni yule atokaye nje kabla ya kulala akazikaza kamba tena.

Mackinder alipofika kilele cha Batian, mita 5,199, mwaka 1899, msafara wake ulikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, na mzigo wa mpagazi wa zamani zile ulihesabiwa kuwa ratili 60 hivi. Mahema ya turubai yalichukuliwa na watu wasiolala ndani yake. Jambo hilo halijaisha lote. Hata leo yuko mgeni aulizaye gramu za hema lake dukani kwa makini, asiulize hata mara moja mpagazi wake atalala wapi usiku huo.

Shemeji wa karani aliuliza, lakini siku ya tatu, mifuko ilipokuwa imekauka. Mzee akamwonyesha: chini ya jabali lililoinama, turubai kuukuu lenye viraka vitatu, lililofunguliwa upande mmoja kwa ajili ya hewa. Ndani palikuwa pakavu.