Ruta ya Pembe Nane

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma humu habari za mpira, za safari za mbugani na za mashindano ya mabweni. Leo nawaomba wanipe nafasi nieleze jambo la nyumbani ambalo naona linasumbua nyumba nyingi tangu mashine za gemu zilipoingia, nalo ni namna ya kuchagua ruta. Ruta ni kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuwagawia watu wa nyumbani bila ya waya. Hapo zamani wazee waliyaita mawasiliano ya namna hiyo simu ya upepo. Jina hilo lafaa hata leo, kwani mtu anayesahau kwamba habari hizo zinapita hewani hawezi kuchagua ruta vizuri.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tumo watano: Baba, Mama, kaka yangu, dada yangu, na mimi kitinda mimba. Kaka ana PlayStation 4 ambayo aliinunua kwa mtu ikiwa imekwisha tumika, na kila jioni hucheza mpira kwa mtandao na watu asiowajua. Dada anasoma chuo, na masomo yake mengine huyapata jioni kwa kompyuta, yeye na mwalimu wake wakionana kwa picha. Basi niliporudi kutoka shuleni likizo ya Desemba nilikuta nyumba imegawanyika. Kaka alisema mchezo wake unaganda kila Dada anaposoma. Dada alisema sauti ya mwalimu inakatika kila Kaka anapopakua michezo. Ilifika hadi wakawa hawasalimiani mezani, kila mmoja akiamini kwamba mwenziwe anafanya makusudi. Mama akasema kwamba likizo ikiisha kabla ya jambo hilo kutengenea, ataiuza ile mashine. Anayemfahamu Mama anajua kwamba katika maneno kama hayo hana mzaha.

Kaka alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi 400,000 kwa ajili ya mafunzo ya udereva. Sasa akaona heri azitoe. Alikuwa ameona Kariakoo ruta nyeusi yenye antena nane, bei yake shilingi 350,000, na muuzaji amemwambia kwamba hiyo ndiyo ruta ya wachezaji. Mama hakukubali wala hakukataa. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma fizikia. Nenda na kaka yako mkaione hiyo pembe nane, kisha uje uniambie kama italeta amani humu ndani au itakula fedha tu."

Tulikwenda. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akatukaribisha vizuri. "Mdogo wangu," akaniambia, "hii hata ukikaa kwa jirani inakufikia." Nikamwuliza, "Je, kaka, kasi yake ni kiasi gani?" Akanionyesha kwenye sanduku: megabiti 5,400 kwa sekunde. Nikamshukuru, tukatoka bila ya kununua, kwa sababu intaneti tunayoilipia nyumbani ni megabiti 20 kwa sekunde. Ruta ni kama bomba la ndani ya nyumba. Hata ukiweka bomba nene kama pipa, maji yatakuwa yale yale yanayoletwa na bomba la mtaani.

Njiani Kaka alinikasirikia kidogo, nami nikamwomba anipe siku mbili nipime kwanza. Nilikwisha kuona kwamba neno kasi ndilo linalowapoteza watu. Mpira wa mtandaoni hautumii intaneti nyingi. Mashine hutuma na kupokea vipande vidogo vidogo vya habari, mara nyingi katika kila sekunde, na inachotaka ni vipande hivyo vifike upesi na kwa mwendo ulio sawa. Muda wa kipande kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, ambazo ziko 1,000 katika sekunde moja, na wachezaji huuita pingi. Mchezaji mwenye pingi ya 60 isiyobadilika hucheza kwa raha kuliko mwenye pingi inayoruka kutoka 20 hadi 300. Nikaazima kompyuta ya Dada, nikaanza kupima pingi katika safari tatu ambazo kila kipande hapana budi kuzipita.

Safari ya kwanza ni ya ndani ya nyumba, kutoka chumbani kwa Kaka hadi kwenye ruta. Nilipokaa sebuleni karibu na ruta ya zamani nilipata milisekunde 2 au 3. Nilipokwenda chumbani kwa Kaka, kule uani, nilipata 6, kisha 90, kisha 300, na vipande vingine havikurudi kabisa. Sababu ilikuwa dhahiri. Ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni, kando ya friji, na baina yake na chumba cha Kaka pana kuta mbili za matofali na mlango wa chuma.

Hapa yafaa nieleze habari za mawimbi. Ruta nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya namna mbili. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini njia yake ni nyembamba na imejaa watu: ruta za majirani, spika za Bluetooth, na hata jiko la maikrowevu ambalo mawimbi yake yako hapo hapo. Mawimbi ya gigahezi 5 yana njia pana na yenye nafasi, lakini huchoka upesi yakikutana na kuta. Nikaigeuza mashine ya Kaka nikasoma namba yake, nikaona inaanza na CUH-10. PlayStation 4 za kwanza, zilizotoka mwaka 2013, zinasikia gigahezi 2.4 peke yake. Zile nyembamba na zile za Pro, zilizotoka mwaka 2016, ndizo zilizoanza kusikia gigahezi 5 pia, na PlayStation 5 ya mwaka 2020 inasikia zote mbili na inafahamu hata Wi-Fi 6. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya zile megabiti 5,400 ingekuwa inasema lugha ambayo mashine ya Kaka haiisikii. Kwa hiyo, anayetaka kununua ruta na asome kwanza namba ya mashine aliyo nayo.

Dawa ya safari hii ilikuwa kebo. Kila PlayStation 4 ina tundu la kebo nyuma yake, na kebo ya kawaida ya mtandao inaweza kufika hadi meta 100 bila ya kupoteza kitu. Tulinunua meta 18 kwa shilingi 20,000, tukaipitisha darini. Nilipoichomeka kwenye kompyuta nikapima tena kutoka chumbani kwa Kaka, pingi ya hadi kwenye ruta ikawa chini ya milisekunde 1, na haikuruka tena.

Kaka akafurahi, akasema mambo yamekwisha. Lakini jioni ile Dada aliposoma naye akipakua mchezo mpya, sauti ya mwalimu ikakatika vile vile. Hiyo ndiyo safari ya pili, ya mlangoni, pale intaneti ya nje inapoingia nyumbani. Nikapima pingi ya kwenda nje. Nyumba ilipokuwa tulivu nilipata milisekunde 20. Kaka alipoanza kupakua ikapanda hadi 600. Mchezo mmoja wa siku hizi unaweza kuwa na gigabaiti 50 au zaidi. Fanyeni hesabu: gigabaiti 50 ni megabiti 400,000, nazo ukizipitisha 20 kila sekunde utatumia sekunde 20,000, yaani muda wa zaidi ya saa tano na nusu. Katika muda wote huo vile vipande vikubwa hujipanga mlangoni, na kipande kidogo chenye sauti ya mwalimu hukaa nyuma yao kikingoja zamu.

Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa sana maana ya foleni. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, barabara ilipewa njia yake ya pekee ili basi lenye watu wengi lisikae nyuma ya malori. Zipo ruta zinazoweza kufanya hivyo hivyo: huvitanguliza vipande vidogo vya mchezo na vya mazungumzo, na kuvisimamisha kidogo vile vikubwa vya kupakua. Kwenye maelezo ya sanduku uwezo huo huandikwa kwa herufi QoS au SQM. Herufi hizo zina thamani kuliko pembe nane, lakini haitoshi kuziona zimeandikwa. Ni lazima mtu aifungue ruta na kuipangia. Sisi tuliiambia yetu isipokee zaidi ya megabiti 18, ingawa tunalipia 20, ili foleni ikae ndani ya ruta tunayoitawala, isikae kule nje kwa kampuni tusikoweza kuitawala. Kaka alilalamika kwamba amenyang'anywa megabiti 2, lakini alipoona pingi haipiti 35 hata wakati wa kupakua, akanyamaza.

Ruta tuliyoinunua ina antena mbili tu. Bei yake ilikuwa shilingi 120,000, nayo ina matundu manne ya kebo, mawimbi ya namna zote mbili, na uwezo wa kupanga foleni. Dada anatumia gigahezi 5 kwa kuwa anasomea sebuleni karibu nayo, simu zinatumia 2.4, na Kaka ana kebo yake. Kile kisanduku cha zamani tulikiacha kifanye kazi ya kupokea tu, kwa sababu ruta mbili zikifuatana zote zikigawa, wachezaji hushindwa mara nyingi kuunganishwa na wenzao. Tuliiweka ruta mpya juu ya kabati, mahali pa wazi, mbali na friji. Tukabadilisha na neno la siri. Kabla ya hapo nilifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nikakuta 13, ilhali sisi tuna 7. Majirani zetu ni watu wema, lakini hawakuwa wamechangia malipo.

Imebaki safari ya tatu, nayo ni ya baharini. Intaneti yetu nyingi huja kwa nyaya za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Nuru ndani ya kioo hukimbia kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Ikiwa kompyuta inayoendesha mchezo iko Ulaya, na njia ya waya ni kilometa 10,000, basi kwenda na kurudi ni kilometa 20,000, na kipande hakiwezi kutumia chini ya milisekunde 100. Hakuna ruta iliyouzwa popote inayoweza kuisogeza Ulaya karibu. Kitu pekee anachoweza kufanya mchezaji ni kuchagua kompyuta ya mchezo iliyo karibu zaidi, kama mchezo wenyewe unaruhusu. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya taabu hapa Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama ile hata ruta yenye pembe ishirini ingekaa kimya.

Wiki ya mwisho ya likizo Dada alikuwa na mtihani wa kueleza kazi yake mbele ya walimu watatu kwa njia ya mtandao. Kaka alitaka kuzima mashine kwa heshima, lakini Dada mwenyewe akamwambia, "Cheza tu, kaka yangu, ndipo tutakapojua." Alieleza kazi yake kwa dakika 40 na sauti haikukatika hata mara moja. Kwa Kaka nako mchezo haukuganda. Alifungwa mabao matatu, lakini sasa hakuwa na ruta ya kulaumu. Katika akiba yake zilibaki shilingi 260,000, akaongezewa kidogo na Baba, na mwezi Januari akaanza mafunzo ya udereva. Mashine haikuuzwa.

Wazazi mtakaosoma haya, mtoto akiwaletea ombi la ruta ya bei kubwa msimkatalie upesi, wala msimpe fedha upesi. Mwulizeni mambo matatu: mashine yake inasikia mawimbi gani, kebo inaweza kufika chumbani kwake, na ruta anayoitaka inaweza kupanga foleni? Akishindwa kujibu, mpeni siku mbili akapime. Nasi wanafunzi tukumbuke kwamba ndugu anapotukatia mchezo, au sisi tunapomkatia masomo, mara nyingi hakuna anayemwonea mwenziwe. Wote wawili wamekwama katika foleni moja ambayo hakuna aliyejua kuipanga.

Mwenye kutaka kujua namna ya kupima pingi aje anione baada ya michezo ya jioni. Nitamwonyesha, na haichukui zaidi ya dakika tano.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu