Barua ya mtendaji na hija ya Namugongo

Kila mwaka kuelekea Juni 3, waamini wa Geita na Shinyanga hukodi mabasi kwenda kuhiji Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda, wakivukia Mutukula. Viza haitakiwi. Kinachotakiwa ni pasipoti au hati ya dharura ya safari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusu raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, Tanzania haikuingia. Ulaya, ndani ya eneo la Schengen, kwa kawaida mpakani hakuna hata wa kukusimamisha.

Nani hubaki, basi? Sisi mafrateri tukienda utume Nyarugusu tunawaona: wachimbaji wadogo wanaohama rashi hadi rashi. Safari ya karatasi aghalabu huanza na barua ya mtendaji wa kijiji, na mtendaji hamjui kijana aliyefika kwenye duara mwezi uliopita. Cheti cha ubatizo anacho (tena amekitunza kwenye nailoni), lakini mpakani hakimvushi. Mchango wa basi ametoa kama wenzake.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo waorodheshe mahujaji Januari, si Mei, ili asiye na barua apate muda wa kuifuata kwao.