Kutoka Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Vikopo vya wodini vimeleta mate tena badala ya makohozi. Chini ya hadubini seli bapa za kinywani zimetapakaa, chembe nyeupe za damu za kutafuta kwa tochi. Seli hizo zikizidi 10 kwenye uwanda mmoja wa lenzi ndogo, na chembe nyeupe zisifike 25, hatuoteshi. Tunaomba sampuli nyingine. (Ya TB hupokelewa hata ikiwa hafifu.) Kuotesha mate ni kumpelekea daktari majina ya bakteria wakaao kooni siku zote, naye atawaandikia dawa. Mgonjwa atameza dawa kali bure, na nimonia yake iko palepale.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanda wodini alfajiri, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nimemwomba asukutue kwa maji matupu, avute pumzi ndefu, aishikilie, aitoe, arudie, ndipo akohoe.

“Yakiwa kidogo je?”

“Hata kijiko cha chai, mzee, mradi yatoke kifuani.”

Yametoka mazito, ya rangi ya kutu. Nimeshuka nayo mwenyewe, maana bakteria wa nimokoka hufa upesi kikopo kikisahaulika mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Mtoto mdogo hatemi, anameza. Kwa TB, basi, anapitishwa mpira puani hadi tumboni asubuhi kabla hajala, ili tuvute alichomeza usiku. Siku tatu mfululizo, na njaa, na mama akimshika mikono huku naye analia. Yananiumiza haya, kwa sababu njia nyingine ipo: salbutamol kwanza, kisha mvuke wa maji ya chumvi kali, halafu makohozi yananyonywa kooni. Mwaka 2005 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba sampuli moja ya namna hiyo inalingana na tatu za tumboni. Kilifi wameitumia kwa watoto wenye nimonia. Inataka chumba chenye hewa ya kutosha na barakoa nzuri kwa muuguzi, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Mahututi: makohozi ya mpira wa mashine ya kupumulia. Mpira huota bakteria wake, hivyo tunahesabu. Chini ya 100,000 kwa mililita, namwambia daktari asiharakishe. Kwa maji ya kuoshea pafu kupitia bronkoskopu, kipimo ni 10,000.

Matroni amekubali: Jumatatu nitaongea na wauguzi wa zamu ya usiku, kisha tukague chumba cha mwisho cha wodi ya watoto, chenye madirisha pande mbili.