Alitaka "Chui" wa Sebuleni, Bibi Ndiye Akakosa Usingizi

Kuna dada mmoja wa Kahama, kipindi fulani ukifungua status zake za WhatsApp unakutana na paka tu. Sio hawa paka wanaolala chini ya meza ya mama ntilie, hapana. Huyu ana madoa kama chui, mwili mrefu, mkia mnene, na macho ya kijani yanayokuangalia kama vile unadaiwa. Leo yuko juu ya friji. Kesho anakunywa maji bombani. Keshokutwa kavalishwa mkufu, na emoji za moto kumi.

Paka alitoka kwa mpenzi wake, kaka mmoja mnunuzi wa dhahabu anayezunguka Katoro, Nyarugusu na Geita mjini. Anayeijua kanda hii anajua hela ya dhahabu inavyotembea: wiki hii mtu ananunulia baa nzima, wiki ijayo anakopa nauli ya boda. Wiki ile ilikuwa ya baa nzima. Kaka akauliza bibie anataka nini. Simu kali anayo, mawigi anayo. Akafungua Instagram, akamwonyesha picha: "Baby, nataka huyu chui."

Mbegu ile inaitwa Bengal, na wala sio mtoto wa chui. Ilipatikana Marekani kwa kumpandisha paka wa nyumbani na paka mdogo wa porini wa Asia mwenye madoa, na mwanamke aitwaye Jean Mill ndiye aliyeipigania sana miaka ya 1980. Sasa muuzaji anayejielewa lazima akuambie paka wake ni kizazi cha ngapi kutoka kwa yule wa porini. Vizazi 3 vya mwanzo bado vina pori ndani, sio vya kukaa na mtu anayeshinda saluni. Kuanzia cha 4 ndio unaongelea paka wa kufugwa. Na kabla hujatoa hela unamwona mama yake, unaangalia kama macho na pua ni vikavu, unahakikisha mtoto amekaa na mama mpaka wiki kama 12, unadai kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Huyu dada alitumiwa video ya sekunde 15. Mzigo ukaja kwenye boksi lenye matundu.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Ya pili pazia likashuka.

Tatizo ni kwamba alinunua rangi, akaletewa nguvu. Yule paka hakuwa mtundu kwa ubaya, alikuwa na mwili wa kukimbia na kupanda, halafu anafungiwa chumba na sebule kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni. Mwenye nyumba anarudi miguu inauma kwa kusuka kutwa, anataka kulala, na paka ndio kwanza anaamka. Saa nane usiku yuko juu ya kabati. Saa tisa anacheza na maji ya ndoo, maana mbegu hii nyingi hazina ugomvi na maji. Saa kumi anapiga kelele, na sauti yake sio "nyau" ya kistaarabu, ni kama mtoto anaita mtu kwa mbali. Wapangaji wenzake wakaanza kumwangalia vibaya kwenye foleni ya choo.

Kwa haki yake, alijifunza. Alimwita fundi akampigilia mbao tatu ukutani, moja juu ya nyingine, paka akapata pa kupanda pazia likapumzika. Akafunga manyoya ya kuku kwenye uzi, dakika 15 asubuhi kabla ya kazi na dakika 15 usiku, mpaka paka ahemee. Baada ya kucheza ndio anampa chakula, na kelele za saa kumi zikapungua sana. Beseni la mchanga akawa anasafisha kila siku, kwa sababu alipoacha siku mbili, paka alitumia kochi.

Chakula nacho kilimsumbua. Alianza na ugali wa maziwa kama kwao walivyokuwa wanafanya, paka akaharisha. Paka ni mla nyama wa kweli. Asipopata nyama na samaki wa kutosha kuna kirutubisho kinaitwa taurini anakikosa, na mwisho wake ni upofu na moyo kuchoka. Akahamia maini, vichwa vya sato, dagaa wasio na chumvi, na chakula cha mfuko mwezi ukiruhusu. Na kuna siku ilibaki kidogo tu. Paka alipata viroboto, kijana mmoja mfugaji akamwambia ampake ile dawa ya kupe wa ng'ombe. Kwenye duka la dawa za mifugo muuzaji akamuuliza ni ya mnyama gani, aliposikia paka akairudisha chupa kwenye shelfu. Baadhi ya dawa za aina ile zina permethrin au kemikali za jamii yake, na permethrin inaua paka. Panadol pia, hata kidonge kimoja. Shika hilo kama una paka wa aina yoyote.

Halafu hela ya dhahabu ikafanya kawaida yake. Kaka aliuziwa mzigo feki, mtaji wote ukaondoka, simu ikawa haipatikani. Kodi ikaisha. Dada akahamia kwa rafiki yake, rafiki hataki paka. Akawaza, bibi si yuko peke yake kule kijijini, Shinyanga Vijijini? Panya wapo, nafasi ipo. Akampakia kwenye basi dogo.

Bibi alimpenda. Hapo ndipo hadithi inapouma. Alimpa jina la mjukuu aliyefariki, akamchinjia kifaranga. Jioni paka analala miguuni kwake akiwa anachambua mboga.

Lakini ule ni mkoa ambao kwa miongo mingi vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa kusingiziwa uchawi, na "ushahidi" mkubwa ukiwa macho mekundu. Macho yenyewe yameiva kwa moshi tu, kwa kupikia samadi kavu na mashina ya pamba maisha yote kwa sababu kuni hakuna. Bibi huyu macho yake ni mekundu. Ni mjane. Anaishi peke yake. Sasa muongezee mnyama mwenye madoa ambaye kijiji kizima hakijawahi kumwona, anayetembea juu ya bati usiku na kuita kwa sauti ya mtoto.

Watoto ndio walianza: "Chui wa bibi!" Wakicheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanapita njia ya mbali. Ng'ombe wa jirani akatupa mimba. Mama mmoja kisimani akasema neno, wengine wakanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kubaya kuliko neno. Mjomba akapiga simu Kahama usiku: "Njoo umchukue mnyama wako. Kesho. Usingoje Jumamosi."

Alifika asubuhi na boda. Akasalimia, "Mwangaluka," bibi akaitikia bila kuinuka. Paka alikuwa ndani ya tenga, tenga limefunikwa kitenge kipya, kile alichonunuliwa Krismasi. Bibi hakuwa amelala siku nne. Panga la kukatia majani ya ng'ombe alikuwa amelihamishia kitandani.

Dada akaanza kulia, akasema bibi nisamehe, sikujua. Bibi akamwambia, "Paka hana kosa, mjukuu wangu. Na wewe huna. Ila mimi nimewazika wenzangu watatu, na hakuna aliyekuwa na paka."

Mjomba alimtembeza mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakafungua tenga mbele ya watu, wakaeleza kwamba ni paka wa kununuliwa, wa mjini, ana kadi ya chanjo yenye mhuri. Watu waliangalia kadi zaidi ya paka. Mzee mmoja akauliza ameuzwa bei gani, alipotajiwa akapiga mluzi, akasema kwa hela hiyo yeye angechukua ndama. Wakacheka kidogo. Bibi hakucheka.

Sasa hivi dada yuko Kahama, chumba kimoja, mbao tatu ukutani. Anaamka saa kumi na moja kuvuta uzi wa manyoya kabla hajaenda kusuka. Status zake siku hizi ni mitindo ya nywele na bei, paka haonekani. Kila mwisho wa mwezi anatuma hela, na mwezi uliopita mjomba alipeleka fundi akaweka mlango wa chuma nyumbani kwa bibi.

Bibi naye hupiga simu Jumapili. Kabla hata ya kuuliza habari za kazi, anauliza, "Mwenzangu amekula?"